Kivuli cha Kubebeka: Qailula Katika Mji wa Eldoret

Mtu wa pwani akipanda basi Mombasa kuelekea Eldoret hubadilisha mambo mengi njiani. Akifika Nakuru huvaa sweta. Karibu na Timboroa hukatiza mstari wa Ikweta, naye hushangaa kwamba mahali alipofundishwa kuwa ndipo katikati ya dunia pana baridi ya kutetemesha meno. Kisha huteremka kupitia Burnt Forest mpaka uwanda wa Uasin Gishu, mashamba ya mahindi na ngano kushoto na kulia. Lakini lipo jambo moja analolibadilisha wala asitambue, nalo ni adhuhuri yake. Eldoret iko magharibi ya Mombasa kwa digrii nne na ushei, na kila digrii moja ni dakika nne za mwendo wa jua. Kwa hivyo jua likishapinduka Mombasa, aliyeko Eldoret hungoja dakika 17 hivi ndipo lipinduke na kwake. Sisi tuliosoma chuoni tulifunzwa kuutambua wakati huo kwa kijiti kilichosimamishwa ardhini na kivuli chake, na hata leo nikifika mji mgeni jicho langu hutafuta kivuli kabla ya kutafuta saa.

Basi mazungumzo yangu ya wiki hii ni ya kivuli. Hasa kivuli cha kulalia mchana.

Usingizi mfupi wa mchana, qailula, ni katika mila njema tulizozirithi pamoja na dini. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiingia nyumbani kwa Bi Ummu Sulaym, mama yake Anas, naye akimtandikia ngozi akapumzika hapo mchana. Pwani hatuhitaji kufunzwa jambo hili. Tuna vibaraza vinene vya mawe, tuna mikeka, tuna mwembe nyuma ya nyumba na mkwaju mbele ya msikiti. Mwenye bahati ana bembea ya kulalia, yaani kitanda cha nguo au cha kamba kinachoning'inizwa baina ya nguzo mbili. Wazee wetu walikiita machela kilipotungikwa mtini na kubebwa mabegani. Pwani kivuli tumekikuta tayari, na kitu kilichokutwa tayari mtu hakifikirii.

Eldoret ni mji uliozaliwa bila ya kivuli. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini waliupanda uwanda huu na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, nyasi tupu mbele yao. Posta ilipofunguliwa mwaka 1910, ilijengwa katika shamba nambari 64, na mpaka hivi leo wazee wa hapa huuita mji wao Sisibo, yaani hiyo sitini na nne ya Kiingereza baada ya kupita katika ndimi za Wanandi. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912, kutokana na neno la Kimaasai la mto wenye mawe. Mto wenyewe ni Sosiani, na mawe yake bado yapo. Reli ilifika mwaka 1924, na tarehe 15 Agosti 2024 mji ukapewa hadhi ya jiji, la tano baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Waislamu wake ni mchanganyiko wa Wanubi, Wasomali, Waswahili na Wahindi, na ukiswali nao hujihisi mgeni.

Jiji hili liko juu ya bahari kwa takriban mita 2,100, na hapo ndipo penye mtego kwa watu wa kwetu. Hewa ni baridi, kwa hivyo mtu hudhani jua ni pole. Lakini joto na mwako wa jua ni vitu viwili mbalimbali. Miale isiyoonekana na jicho, ile iunguzayo ngozi, huongezeka kwa kiasi cha sehemu moja kwa kumi kila upandapo mita 1,000, kwa sababu hewa ya kuichuja hupungua. Eldoret basi ina mwako unaokaribia kuzidi ule wa Mombasa kwa sehemu moja katika tano, ilhali hakuna jasho la kumzindua mtu akimbie. Mtoto wa pwani akichomwa na jua hulia na kuingia ndani. Huku hukaa akicheza kwa raha katika upepo mtamu, na usiku ndipo mamake huona mabega yamewiva.

Nimelijua hili kwa sababu ya mjukuu wangu mmoja. Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, ameolewa huko na anakaa mtaa wa Kapsoya. Mumewe ni dereva wa lori katika njia ya Malaba, hivyo siku nyingi yuko peke yake na watoto. Binti yake wa pili, mwenye umri wa miaka saba, amezaliwa na ualbino. Ni mtoto mwerevu, mwenye maswali kuliko majibu niliyo nayo, na likizo ya Agosti nilipowazuru nilimkuta amekaa dirishani, pazia limefungwa nusu, akiwatazama wenziwe wakicheza nje.

Sikulaumu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kenya ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino, na kila familia katika hizo yajua kuwa saratani ya ngozi ndiyo inayowaondoa wengi wao kabla ya wakati. Serikali hutoa mafuta ya kukinga jua kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, na mpwa wangu huyachukua na kumpaka mwanawe bila ya kukosa. Kofia anayo, mikono mirefu anayo. Saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, hata hivyo, mtoto alikuwa ndani. Uani pana bembea ya kulalia ambayo babake aliifunga baina ya nguzo mbili za mkaratusi, na mtoto aliruhusiwa kuilalia baada ya alasiri tu. Mvua za Eldoret mwezi wa Agosti hupenda kushuka saa hizo hizo.

Nilimwuliza mamake, tukiwa wawili jikoni, "Mwanangu, unaogopa jua, au unaogopa watu?"

Akanyamaza, akaendelea kupepeta mchele wake, kisha akasema, "Vyote viwili, mjomba. Lakini jua nikilishinda, watu nitawaweza."

Jawabu hilo lilinitosha. Nikamwambia basi tuanze na jua.

Alikuwa tayari amejaribu. Alitundika leso moja juu ya bembea kwa vibanio vya nguo, na mtoto akatoka na wekundu upande mmoja wa uso. Wengi wetu tungefanya kama alivyofanya, kwa hivyo inafaa kueleza kwa nini haikutosha. Leso moja nyepesi hupitisha mwanga. Ishike juu kuelekea angani, utie mkono wako nyuma yake. Ukiviona vidole, basi na miale inapita. Pili, miale hiyo haitoki katika jua pekee. Sehemu yake kubwa hutawanywa na anga lote la buluu na mawingu mepesi, hivyo kipande kidogo cha nguo kilicho juu sana humkinga mtu na jua lakini humwacha wazi kwa anga. Tatu, jua linatembea, na kivuli hutembea nalo. Yako mafundisho ya Mtume, aliyoyapokea Abu Daud, ya kwamba aliyekaa kivulini kisha kivuli kikamwondokea akawa nusu juani na nusu kivulini, na ainuke. Aliyelala hawezi kuinuka, kwa sababu hajui. Ndiyo maana kivuli cha mwenye kulala lazima kihesabiwe kabla.

Tukaenda sokoni. Eldoret ni mji wa nguo, na hili watu wa pwani hatulijui vya kutosha. Kiwanda cha Rivatex kilianzishwa hapo katikati ya miaka ya 1970, kikastawi, kikaanguka, Chuo Kikuu cha Moi kikakinunua mwaka 2007, na mwaka 2019 kikafunguliwa upya kikiwa na mitambo mipya. Ukipita madukani unaona vitambaa vya kila namna, na wauzaji wanajua pamba kama sisi tujuavyo samaki. Tulichagua doti mbili za leso. Ya kwanza nyeupe yenye maua machache, ya pili ya buluu iliyoiva. Mpwa wangu alitumia muda mrefu kusoma majina ya leso kabla ya kukubali, na alikuwa na haki: huwezi kutundika uani, mbele ya majirani, leso yenye maneno ya vijembe. Aliishia kuchagua zenye dua.

Leso moja aghalabu ina urefu wa mita moja na nusu na upana wa mita moja na ushei. Doti huuzwa vipande viwili vimeshikana. Tulivikata, tukaviunga kwa pande za urefu, tukapata nguo ya mita 1.5 kwa mita 2.2 hivi. Doti ya pili tukaifanya vivyo hivyo, tukaiweka chini ya ile ya kwanza na kuzishona ukingoni. Nyeupe juu, ili irudishe joto. Buluu chini, kwa sababu nguo iliyokoza rangi huzuia miale zaidi, na pia kwa sababu macho ya mtoto huyu huumizwa na mng'ao, na chini ya nguo nyeupe angekuwa kama aliye ndani ya taa. Tulizifua leso kwanza na kuzianika, maana pamba mpya ikifuliwa hujikaza na matundu ya ufumaji hupungua. Tuliporudia jaribio la mkono, vidole havikuonekana. Chandalua chote, pamoja na fito na kamba zake, kilipimwa kwenye mizani ya duka la jirani nacho hakikufika kilo mbili, na nguo peke yake haikufika kilo moja. (Nasema chandalua kwa maana yake ya zamani, kitambaa cha kutandwa juu ya watu. Siku hizi ukitaja neno hilo kila mtu hufikiri mbu.)

Pembe hatukuzitoboa, kwa kuwa leso ikitobolewa huchanika siku ya upepo wa kwanza. Chukua kokoto laini la mto, kadiri ya punje ya komamanga mbili tatu, lifunike kwa pembe ya nguo kutoka chini, kisha funga kamba shingoni mwa kile kifundo kilichojitokeza. Kadiri unavyovuta ndivyo kinavyokaza. Mama mmoja wa jirani alipoviona vifundo vile vinne, naye amemwona mwenye kilemba akivifunga, aliuliza kwa adabu kama ni hirizi. Nikamfungulia kimoja, akaona kokoto la Sosiani, tukacheka sote.

Katika ncha mbili fupi za nguo tulipitisha ufito wa mwanzi ndani ya pindo, ili nguo isijikunje katikati. Kutoka ncha mbili za kila ufito hutoka kamba mbili zinazokutana mahali pamoja, kama kamba za mizani ya zamani, na hapo ndipo panapofungwa kwenye nguzo, juu ya fundo la bembea. Anayejua jahazi ataona ninachokisema: ufito ni foromali, nguo ni tanga, na kamba za pembeni ni demani. Kamba hizo za pembeni, moja kila pembe, hushuka mpaka kwenye vigingi, na kwa kuikaza hii na kuilegeza ile unakiinamisha chandalua kuelekea jua liliko.

Kuhusu urefu wa kukitundika nilibishana kidogo na mpwa wangu, ambaye alikitaka juu, hewa ipite. Hewa Eldoret haina upungufu. Jua hutembea digrii 15 kwa saa, na nguo iliyo mita moja juu ya mwili kivuli chake husogea kiasi cha robo mita katika saa ya kwanza baada ya jua kupinduka. Ukiipandisha mita mbili, kivuli husogea mara mbili ya hapo, na anga linaloonekana pembeni huwa kubwa zaidi. Tulikitundika kwa mita moja. Mtoto akijinyoosha hakigusi, na akilala hakuna jua linalomfikia kwa saa nzima na zaidi.

Tukaingia katika suala la mwelekeo. Nguzo za babake zilikuwa zimesimama mshazari, mahali ambapo ardhi ilikuwa laini kuchimba. Tulimwomba kijana wa jirani aing'oe moja na kuipanda upya kwa msitari wa kibla. Eldoret, kama Mombasa, kibla chake ni kaskazini, huku kikiinama kidogo mashariki. Bembea ikifuata msitari huo, jua hupita kwa kuikata, kutoka ubavu hadi ubavu, na kamba za pembeni zinatosha kulifuata. Wanaoona haya kunyoosha miguu kibla na walaze kichwa upande huo. Iko faida nyingine kwa mwaka mzima. Kwa kuwa mji uko karibu kabisa na Ikweta, mwezi wa sita jua la mchana hupita upande wa kibla, na mwezi wa kumi na mbili hupita upande wa pili. Mwezi wa tatu na wa tisa huwa utosini. Basi nguo husogezwa kwa kamba zake za nguzo: Juni isogee kaskazini, Disemba isogee kusini, kiasi cha hatua fupi ya mtoto. Tulipakata alama hizo kwenye kamba kwa uzi mwekundu, na binti mdogo akazikariri kabla yangu.

Upepo ndio adui wa kweli wa uwanda huu. Asubuhi huwa shwari, mchana huanza kuvuma, na mawingu yakikusanyika unaweza kupata mvua ya mawe. Nguo iliyofungwa imara kila pembe haina pa kuponea: ama itachanika, ama itang'oa kigingi na kukirusha usoni mwa mtu. Kwa hiyo kamba mbili za upande mmoja tulizifunga kwa fundo la kitanzi, lile ambalo ukivuta ncha moja linafunguka lote, na ncha hiyo tukaiacha ifike mkononi mwa aliyelala. Manahodha hufanya hivyo kwa demani. Mtoto alifundishwa kulifungua kabla ya kufundishwa kulala, akarudia mara ishirini, na kila mara chandalua kikashuka ubavuni kama tanga lililotekwa na kusi.

Lazima niseme wazi, hasa kwa wenye watoto kama huyu: chandalua hakichukui nafasi ya mafuta, kofia, wala daktari wa ngozi. Alipakwa mafuta yake kabla ya kutoka, na mikono mirefu hakuivua. Nami nilipendekeza saa za jua kali zaidi zibakie za ndani, akatumia nje saa nne kuelekea tano asubuhi, na baada ya adhuhuri kidogo kwa ajili ya qailula, mamake akiwa karibu. Kile kivuli kiliongeza saa moja na nusu ya nje katika siku yake. Kwa mtu mzima ni kidogo. Kwa aliyekuwa na dirisha tu ni jambo jingine.

Siku ya kwanza alilala dakika ishirini. Siku ya pili hakulala hata kidogo, kwa sababu watoto watatu wa jirani walikuja kukitazama chandalua, wakakaa chini yake kwenye mkeka, wakaanza kuhesabu maua ya leso kwa Kiswahili na kwa Kinandi. Mamake alisimama mlangoni na upawa mkononi. Mmoja wa wale watoto aliuliza kwa sauti kwa nini ngozi ya mwenzao ni nyeupe, na nikamwona mpwa wangu ameshika fremu ya mlango. Binti mwenyewe akajibu, kwa lafudhi ya mwalimu, kwamba amezaliwa hivyo na kwamba jua la Eldoret liko mita elfu mbili juu, kwa hiyo hata wao wenyewe waingie kivulini vizuri wasikae nusu nusu. Wakasogea.

Watu wa hapa, kwa hakika, hawahitaji kuhubiriwa faida ya kulala mchana. Wanariadha wa Iten na Kaptagat, waliolipa jina eneo hili ulimwenguni, hukimbia alfajiri na mchana hulala kwa nidhamu ile ile wanayokimbilia. Jirani mmoja kijana anayefanya mazoezi ya mbio alikuja kuuliza vipimo, akaviandika kwenye simu yake. Anataka cha nguo moja tu, chepesi zaidi, cha kubeba begani. Nilimwambia kwa ngozi yake huenda ikamfaa, bali achague leso iliyokoza rangi na asiitundike ikiwa imelowa, maana pamba ikilowa hupitisha miale zaidi kuliko ikiwa kavu.

Siku ya kuondoka kwangu tulikikunja. Fito hutolewa, nguo hukunjwa kwa nne, kamba huzungushwa juu yake, na vigingi hutiwa ndani ya mfuko uliotokana na vipande vya leso vilivyobaki. Kikiwa kikavu hukaa kwapani mwa mtoto. Binti aliniuliza kama ni lazima aje nacho Mombasa mwezi wa kumi na mbili, maana mamake amemwambia nyumbani kwangu kuna mkwaju mkubwa. Nilifikiri yale majani madogo ya mkwaju, na vile viduara vya jua vinavyocheza juu ya mkeka upepo wa kaskazi ukivuma. Nikamwambia aje nacho.